Bia nambari moja ni ipi? Namna ya kusoma orodha za mauzo na kutengeneza ya kwako

Kila baada ya miezi michache hutokea orodha mpya: bia inayoongoza duniani, bia inayoongoza Marekani, bia bora za mwaka. Na kila ikitokea, kuna mteja atakayekuja nayo kwenye simu, ainyanyue juu ya kaunta aseme, "Dada, hebu ona." Anataka nimuunge mkono au nimpinge, mradi ubishi uanze.

Mimi ni meneja wa baa hapa Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, na kazi yangu kubwa, ukiondoa kuwatuliza waliozidiwa, ni kuhesabu. Nahesabu kreti zinazoingia, chupa zinazotoka na pesa zinazobaki. Mtu anayehesabu kila siku hujua hesabu hupikwa wapi. Kwa hivyo haya ninayoyaandika ni ya watu wawili: yule anayetaka kufungua baa na hajui aagize nini, na yule anayependa kubishana kaunta lakini angependa kushinda.

Kwanza uliza: wamehesabu nini?

Bia hupangwa kwa lita, kwa pesa, au kwa nyota ambazo wanywaji wameipa. Vipimo hivi vitatu havikubaliani karibu popote. Orodha isiyotaja kipimo chake usijisumbue nayo, hata ikiwa na picha nzuri.

Tuanze na lita. Viwanda vikubwa huhesabu kwa hektolita, yaani lita 100. Kwa mtu wa baa ni rahisi kuikamata: kreti ya hapa Kenya ina chupa 25 za nusu lita, sawa na lita 12.5, kwa hivyo kreti 8 ndiyo hektolita moja. Mtungi wa keg wa lita 50 ni nusu yake. Wamarekani wana pipa lao la kuhesabia, lita 117 hivi, ambalo kwetu ni kreti tisa na chupa kadhaa. Ukikutana na takwimu za kigeni zigeuze kreti kwanza, ndipo akili itakapoziona.

Kwa lita, bia kubwa kuliko zote duniani kwa miaka mingi imekuwa Snow ya Uchina. Ilifika karibu hektolita milioni 100 kwa mwaka, ambazo ni kreti milioni 800 za kwetu. Mwambie hivyo mteja wa Mtwapa atakuuliza Snow ndiyo nini, na hana kosa, kwa sababu karibu yote hunywewa huko huko Uchina, tena kwa bei ya chini. Ukitaka kujua lita zinaweza kudanganya kiasi gani, tazama mwaka 2016. Mwaka huo SABMiller, kampuni kubwa ya bia, iliuza hisa zake za asilimia 49 katika biashara ya Snow kwa dola bilioni 1.6, ili yenyewe iweze kununuliwa na AB InBev, kampuni kubwa zaidi, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Karibu nusu ya biashara ya bia inayoongoza duniani kwa wingi ilikuwa kama chenji kwenye mauzo yale.

Hapa nyumbani mfano wa lita nyingi na shilingi chache ni Senator Keg. Ilianza 2004, ikapewa nafuu ya ushuru ili watu waache chang'aa, na hutengenezwa kwa mtama unaolimwa humu humu nchini. Walevi wakaibatiza jina la "Obama", maana mwaka ule ule yeye alichaguliwa seneta kule Illinois. Basi mwaka 2013 serikali ikaipunguza ile nafuu kwa nusu, bei ya magi ikapanda na mauzo yakaporomoka vibaya. Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa na magi yakarudi. Ladha haikubadilika hata kidogo katika muda huo wote. Ndiyo maana mtu akinionyesha bia iliyoshuka nafasi kadhaa kwa mwaka mmoja, siulizi imekuwaje tamu yake. Nauliza ushuru umefanywa nini.

Pesa nazo zina mambo yake. Chukua Marekani, Juni 2023. Bud Light ilikuwa imekaa kileleni tangu 2001, ilipoipita Budweiser ya kampuni hiyo hiyo. Aprili 2023 wateja wengi wakaisusia kwa sababu ya tangazo moja la mtandaoni, na katika wiki nne zilizoishia tarehe 3 Juni, Modelo Especial, bia yenye asili ya Meksiko, ikachukua asilimia 8.4 ya pesa zote za bia madukani dhidi ya 7.3 za Bud Light. Magazeti yakaandika kwamba mfalme ameanguka. Wenye Bud Light wakajibu kwamba ukihesabu tangu Januari, bado wao ndio wa kwanza, kwa lita na kwa pesa. Pande zote mbili zilisema kweli. Mmoja alipima wiki nne, mwingine akapima miezi mitano. Kwa hiyo baada ya kuuliza "wamehesabu nini", ongeza "kuanzia lini mpaka lini".

Na kuna kichekesho humo ndani. Modelo ni ya AB InBev, hao hao wenye Bud Light, karibu kote duniani, lakini si Marekani. Walipoinunua Grupo Modelo mwaka 2013, serikali ya Marekani iliwalazimisha kuiachia kampuni nyingine, Constellation Brands, biashara ya humo nchini. Kwa hivyo jina lililo lao kwingineko ndilo lililowatoa kileleni. Afrika Mashariki tumeyaona mambo kama hayo. SAB ya Afrika Kusini ilijenga kiwanda Thika mwaka 1998 kupigana na Tusker, ikafunga 2002, na baada ya makubaliano yao bia yake ya Castle ikawa inatengenezwa Kenya na wale wale wenye Tusker. Jina lililo kwenye lebo halikwambii pesa inaingia mfuko gani.

Pili: nani amehesabu, na amesimama wapi

Takwimu nyingi za Marekani hutoka kwenye mashine za kulipia za madukani. Bia iliyonyweka baa haimo, au imekadiriwa tu. Kwa nchi ambayo watu hubeba bia kwenda nazo nyumbani, hilo si tatizo kubwa. Kwetu, ambapo bia nyingi hufunguliwa mezani na mhudumu, orodha ya supamaketi peke yake itakuonyesha wanachokunywa watu wenye friji kubwa nyumbani. Baa zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi hadi mwisho wa Septemba 2020, mauzo yalihamia madukani. Ukikuta mchoro wa mauzo unaopanda ghafla mwaka huo, usidhani Wakenya walipata mapenzi mapya na bia ya kopo.

Jambo la pili ndilo wengi hawalijui mpaka wafanye kazi stoo. Kiwanda kinaposema "tumeuza", mara nyingi kimeuza kwa ajenti. Ajenti anaweza kuwa bado amekaa na mzigo. Hapa Kenya bajeti husomwa Juni, na EABL, kampuni yenye Tusker, hufunga mwaka wake wa hesabu tarehe 30 Juni. Uvumi wa ushuru mpya ukianza tu, kila mwenye stoo hujaza mpaka kwenye korido, kwa sababu bia aliyoinunua kwa bei ya zamani ataiuza kwa bei mpya. Kwenye karatasi Juni inapendeza, halafu Julai watu wanasema soko limelala. Soko halijalala. Linamaliza mzigo wa Juni. Kwa hivyo usilinganishe mwezi na mwezi unaoufuata. Linganisha Julai na Julai ya mwaka jana.

Bia za krafti: uliza mlango ni upana gani

Wateja wangu wakisikia "krafti" hudhani ni bia inayopikwa na kijana mwenye ndevu kwenye gereji. Kule Marekani kuna chama cha watengenezaji, Brewers Association, ambacho ndicho hutoa orodha ya viwanda vya krafti. Sharti lao la "udogo" ni kiwanda kisizidishe mapipa milioni 6 kwa mwaka. Piga hesabu: ni lita milioni 700 na kitu, kreti zaidi ya milioni 56. Huo ndio udogo wa Wamarekani. Zamani mpaka ulikuwa mapipa milioni 2, ukasogezwa, na aliyekuwa ameusogelea zaidi wakati huo ni Boston Beer, wenye Samuel Adams.

Sharti la pili ni kujitegemea: kampuni nyingine ya pombe isiyo ya krafti isimiliki robo au zaidi ya kiwanda. Hapo ndipo majina huingia na kutoka. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch ya AB InBev 2011, ikatoka. Lagunitas ikauza nusu kwa Heineken 2015 na nusu nyingine 2017, ikatoka. Wakati huo huo Yuengling ya Pottsville, Pennsylvania, kiwanda cha tangu 1829 kinachouza lager ya kawaida kabisa, kiliingizwa mwaka 2014 sharti jingine, la viambato, lilipolegezwa, na moja kwa moja kikakaa juu ya wote. Kwa hiyo ukisoma kwamba krafti imeshuka au imepanda, angalia kwanza nani ametolewa mlangoni mwaka huo.

Nambari moja ya krafti ambayo naipenda sana ni hii: mwaka 2023 bia hizo zilikuwa asilimia 13 hivi ya bia yote ya Marekani kwa lita, lakini karibu asilimia 25 kwa pesa. Anayefungua baa aiweke hiyo karibu na moyo. Bia inaweza kuwa ya chini kwenye orodha ya lita na bado ikakulipia kodi ya nyumba.

Sasa nyota. Hapa sina subira sana, nitasema haraka. Kwa miaka mingi kilele cha RateBeer, tovuti ambako wanywaji waliipa bia nyota, kilikuwa cha Westvleteren 12, inayopikwa na watawa wa Saint-Sixtus huko Ubelgiji, na ambayo kwa desturi ulilazimika kuiagiza kwa simu kisha uifuate getini kwao. Kule Marekani, kura ya wapikaji wa nyumbani ilichagua Pliny the Elder ya Russian River, California, kuanzia 2009 hadi 2016 mfululizo. Zote nasikia ni nzuri na sina sababu ya kubisha. Lakini mtu aliyesafiri siku nzima kufuata chupa moja hawezi kuipa nyota mbili, atajionaje? Na lager ya kila siku hupewa nyota na nani? Na mtu aliyeinywa kwenye harusi kwa kukosa nyingine. Nyota zinapima hamu ya aliyeinywa pamoja na bia yenyewe. Kisha tazama nani alikuwa na daftari la nyota: RateBeer yenyewe ilikuja kumilikiwa yote na AB InBev mwaka 2019, kabla ya kufungwa 2025.

Iliyomtoa Pliny kileleni 2017 ni Two Hearted ya Bell's, Michigan. Ikakaa huko miaka kadhaa, na mwisho wa 2021 mwenyewe akauza kiwanda kwa kampuni iliyo chini ya Kirin ya Japani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa wa siku hizi wakisifiwa huuza shamba zima la minazi.

Sasa tengeneza orodha yako

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapotaka ukae nami. Orodha ya dunia haitakusaidia kuagiza mzigo wa Ijumaa. Unahitaji ya baa yako, na vifaa ni daftari, kalamu na ndoo.

Ndoo ni ya visoda. Weka moja chini ya kaunta, na kila mtu wa kaunta anayefungua chupa adondoshe kisoda humo, nao wahudumu wanaofungulia mezani warudishe vyao. Asubuhi, kabla ya kufagia, imwage juu ya kaunta uvitenge: ndovu wa Tusker huku, White Cap kule, Pilsner, Guinness, Balozi. Vitakuwa vinanuka, vingine vimejikunja katikati kwa nguvu za kifunguzi, vingine vina mchanga kwa sababu kuna meza za nje. Vipange mafungu ya 25, kila fungu ni kreti. Kwa nini visoda na si chupa tupu? Kwa sababu chupa za kahawia za nusu lita zinafanana, lebo hubanduka kwenye barafu, na kuna watu hurudisha chupa walizotoa kwingine ili wapewe pesa ya chupa. Kisoda hakina tabia hizo.

Kisha fanya hesabu ya stoo: ulizoanza nazo, jumlisha zilizoingia, toa zilizobaki, toa zilizovunjika. Jibu lilingane na visoda pamoja na zile zilizouzwa za kubeba zikiwa zimefungwa. Lisipolingana usianze kufoka. Angalia kwanza kama kuna mtu alichukua kreti kwa deni na haikuandikwa. Mara nyingi ni hilo. Mara nyingine si hilo, na hapo unajua la kufanya.

Tuchukue baa ya mfano, wiki moja. Nambari ni za kufundishia tu, weka zako. Imeuza mitungi 6 ya Senator, kreti 14 za Tusker, kreti 6 za White Cap, na mtungi mmoja mdogo wa lita 30 wa bia ya krafti kutoka Nairobi, tuseme kwa watengenezaji kama Bateleur au 254.

Kwa lita Senator ndiyo ya kwanza: 300. Tusker ni 175, White Cap 75, krafti 30.

Kwa pesa, Tusker chupa 350 kwa shilingi 250 ni 87,500. Senator haiwezi kukupa magi 600 kamili ya nusu lita, maana povu la mwanzo na la mwisho huenda na maji. Tuseme umepata 570 kwa shilingi 80, ni 45,600. White Cap chupa 150 kwa 260 ni 39,000. Krafti glasi 60 kwa 500 ni 30,000. Tusker imepanda juu, na krafti, ambayo kwa lita ilikuwa moja ya kumi ya Senator, sasa inainyemelea.

Lakini usisimame hapo, kwa sababu pesa ya mauzo si yako. Tuseme Tusker inakuachia shilingi 50 kwa chupa: 17,500. White Cap 60: 9,000. Senator ilikugharimu 36,000 kwa mitungi yote sita, kwa hiyo imekuachia 9,600. Krafti ilikugharimu 350 kwa glasi, jumla 21,000. Ukiuza zote 60 inakuachia 9,000, sawasawa na kreti sita za White Cap. Sasa subiri. Mtungi wa krafti nyingi haukuchemshwa kuua vijidudu kama bia ya kiwanda kikubwa, na ukishafunguliwa haukusubiri. Wateja wa pwani hii wasipokuja kwa wingi, glasi 10 za mwisho zitaharibika. Umeuza 50, umepata 25,000, umebaki na 4,000. Glasi kumi zimekula zaidi ya nusu ya faida.

Kwa hivyo bia ya krafti mimi siipangi kwa lita wala kwa shilingi. Naipanga kwa siku: mtungi umechukua siku ngapi kuisha? Ukiisha kabla ya Jumapili usiku, agiza mwingine. Ukivuka Jumanne, agiza ya kopo, au iache mpaka Desemba wageni watakapojaa.

Kuna marekebisho mengine mawili bila hayo orodha yako itakudanganya.

La kwanza ni bia iliyokosekana. Kama White Cap iliisha siku ya nne, zile kreti 6 zigawanywe kwa 4, si kwa 7: ni kreti moja na nusu kwa siku. Tusker kreti 14 kwa siku saba ni 2. Pengo si kubwa kama ulivyodhani. Andika daftarini saa bia ilipoisha, kwa sababu kuanzia hapo watu walikunywa kilichokuwepo, na kilichokuwepo kikapata sifa isiyo yake. Angalia pia ni siku gani: kukosa Jumatatu si kukosa Jumamosi.

La pili ni friji. Mteja asiye na uamuzi hunywa kilicho mbele ya macho yake, na friji ikiwa na rangi za bia fulani, iliyopangwa usawa wa uso, bia hiyo itapanda hata kama hakuna aliyeiomba. Nina njia ya kulipima hili na sijaona baa nyingine ikiitumia. Mhudumu anapouliza "baridi ama moto?", aandike jibu. Anayesema moto hakuishawishiwa na friji. Bia yake inatoka kwenye kreti nyuma ya kaunta na aliijua tangu nyumbani. Kwa hivyo tengeneza orodha ndogo ya moto peke yake. Kwangu wazee wa Pilsner na wa Guinness huonekana vizuri humo, ilhali bia za vijana karibu zote ni baridi. Bia yenye moto nyingi usiishushe hata friji ikibanana, maana wenye nayo hawabadilishi. Wataondoka tu, wavuke barabara.

Na orodha ya wiki moja usiiamini kabisa. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, Tusker na White Cap hupanda na watu huagiza za meza nzima. Ikifika tarehe ishirini, hao hao utawaona upande wa keg, wamekaa kimya na magi. Ramadhani pwani hii mambo hubadilika tena. Chukua angalau mwezi mzima, na uandike pembeni kilichotokea: mechi kubwa, mvua, barabara kufungwa, tamasha.

Ambazo hazimo

Bado kuna kitu hakimo kwenye ndoo yangu wala kwenye takwimu za mtu yeyote. Kilomita chache kutoka hapa, ukishika njia za ndani kuelekea Kaloleni, kuna mangwe, yaani vilabu vya mnazi. Mnazi hugemwa asubuhi na jioni, unafika ukiwa mtamu bado unachemka, na kesho yake umekuwa mkali wa kukunja uso. Hauna kisoda, hauna stempu ya ushuru, hauna mtu wa mauzo anayekuja na kalenda. Huko Kilimanjaro kuna mbege ya ndizi na ulezi, Iringa kuna ulanzi wa mianzi, magharibi ya Kenya kuna busaa, Rwanda kuna urwagwa na Burundi urwarwa. Ukizungumza krafti kwa maana ya kupikwa kidogo kidogo, na mtu anayejulikana kwa jina, kwa viungo vya hapo hapo, basi hizo ndizo krafti zetu, na lita zake ni nyingi kuliko kiwanda chochote cha krafti cha Nairobi chenye jina la Kizungu.

Hili si la sifa tu, lina kazi kwenye daftari. Mnazi ukijaa, keg yangu hushuka na mwezi mwingine ningedhani watu wameacha kunywa. Kwa hivyo muulize mtu wa bodaboda mnazi umekuwaje wiki hii na chupa inauzwa shilingi ngapi, uandike pembeni pamoja na mvua na mechi. Yeye ana takwimu ambazo hakuna kampuni itakuuzia.

Kuagiza

Jumapili usiku au Jumatatu asubuhi, kaa na karatasi tatu: faida, siku za kuisha, na moto. Kilicho juu kwenye faida agiza kiasi cha wiki iliyopita ukiongeza kreti moja ya akiba, mbili kama ni mwisho wa mwezi. Kilichoisha mapema agiza kulingana na kasi yake ya siku, usiagize kulingana na jumla. Ajenti akikuletea bia mpya yenye bango na fulana za bure, chukua kreti moja, iweke friji ya chini ambako haionekani sana, uone kama kuna atakayeinama kuiomba.

Iliyo mkiani usiifute kabla ya kuangalia nani anainywa. Mimi nina bia inayotoka chupa chache tu kwa wiki, na zote ni za mzee mmoja mstaafu wa bandari. Huja na marafiki wanne, na hao wanne ni wa Tusker.